Ncha ya Pili ya Chanja

Waliohudhuria kikao cha banda la chanja, Hori la Mwambakuu, asubuhi, maji yakiwa yamekupwa:

Bi Mwantumu binti Mbaruku, mlinzi wa chanja za kufugia chaza na mwenyekiti wa kikao.
Bi Mwanakombo binti Shehe, msemaji wa wakulima wa chaza.
Tabibu Hiza Semboja, wa zahanati ya Mwambakuu.
Wakili Eliudi Mshanga, kwa niaba ya Kampuni.
Afisa Gaudensia Rwiza, kwa niaba ya Wizara.
Nasoro bin Mbaruku, mdhamana wa Kampuni, akiwa kitandani.

Hakuhudhuria: mdhamana wa Serikali. Kiti kiko wazi.

Mwantumu aliyasoma majina hayo kwa sauti, na kila aliyetajwa akaitika. Alipofika kwa jina la Nasoro, jibu lilichelewa. Watu wote wakakigeukia kitanda cha kamba kilichowekwa chini ya dirisha linalotazama hori. Kifua cha Nasoro kilipanda kidogo, kikasita kama mtu aliyesikia hodi asiyoitarajia, kisha kikashuka.

"Nipo," alisema. "Niende wapi tena?"

Tabibu Hiza alicheka, akajikuta anacheka peke yake, akanyamaza.

Mwantumu akasoma na ule mstari wa mwisho, wa asiyekuwepo, kwa kuwa nao ulikuwa sehemu ya orodha. "Mdhamana wa Serikali." Akangoja muda uleule aliowangojea wengine. "Hakuna jibu. Tuendelee."

"Kiti kiko wazi kwa muda tu, Bi Mwenyekiti," alisema Afisa Gaudensia. Alikuwa binti mdogo wa umri, mwenye adabu, na suruali yake ilikuwa na tope hadi magotini kwa sababu alikataa kubebwa kutoka kwenye mashua. "Mchakato wa kumpata mtu unaendelea."

"Unaendelea tangu kitindamimba wangu hajaota meno," alisema Mwanakombo. "Sasa ameoa."

Wakili Eliudi akakohoa kwa heshima. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa ukimtisha Mwantumu. Mtu mkali angekuwa rahisi kumkatalia.

"Kampuni inaumia pamoja nanyi," alianza. Akaona nyuso zilivyomtazama, akajirekebisha. "Kampuni inasikitika. Ombi letu ni moja. Mlinzi wa chanja, kwa mamlaka aliyopewa na Sheria ya Pumzi, aamuru chaza wote wa kituo hiki waopolewe. Wakishatoka majini, kipokezi kitazima chenyewe, na Bwana Nasoro atapumua kama ninavyopumua mimi. Leo hii, kabla maji hayajajaa."

"Na matishari yanayofyonza mafuta?" aliuliza Mwantumu.

"Kituo kikifungwa, wajibu wa kusafisha unakoma. Sheria ndiyo inayosema hivyo, Bi Mwenyekiti, si mimi."

"Na bomba la mafuta?"

Wakili aliutazama mkoba wake. "Litafunguliwa."

Nje, kwenye mdomo wa hori, injini za matishari zilikuwa zikinguruma kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Zilikuwa zikinguruma hivyo tangu bomba lipasuke. Wenyeji walikuwa wameizoea sauti hiyo, hata watoto wachanga hawakuweza kulala bila kuisikia.

Zamani mahori yote ya pwani yalipimwa kwa mashine. Mashine zikazimwa, zikachezewa, zikasomwa na watu waliolipwa na wale waliopaswa kupimwa. Ndipo watunga sheria wa kizazi cha mama yake Mwantumu walipoamua kumtafuta shahidi asiyejua kusema uongo, wakamkuta kwenye mizizi ya mikoko. Chaza huishi kwa kufungua na kufunga. Maji yakiwa mema, huachanisha magamba yake na kuchuja chakula. Maji yakiingia sumu, hujifunga. Kila chaza wa kituo alibandikwa uzi mwembamba kuliko unywele, wa kupima mwanya kati ya gamba na gamba. Nyuzi zote zilipeleka habari kwenye kipokezi kidogo kama punje ya mtama, nacho kilipandikizwa chini ya mtulinga wa mtu, kikashikamana na mshipa wa fahamu unaoendesha pumzi. Chaza wakifungua, mtu huyo anapumua. Wakifunga, anabanwa. Kipokezi hakiwezi kung'olewa pasipo kuukata mshipa wenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa Sheria ya Pumzi: anayeomba kibali cha kupitisha mafuta na anayekitoa, wote wawili watapumua kwa chaza wa maji yale.

Mwanzoni mabomba yalikuwa safi mno. Wakurugenzi walishuka wenyewe kutoka mjini kukagua viungio, wakavipapasa kwa vidole kama mama anayempapasa mtoto kutafuta homa. Kisha katika kikao kimoja cha Bunge, ambacho hakuna aliyekifuatilia, yakaongezwa maneno machache: au mwakilishi wake aliyeridhia. Wakurugenzi wakarudi mjini, na vifuani mwao hakukuwa na kitu. Wizara nayo ikamweka karani, karani akastaafu, na kiti kikabaki kitupu. Nguvu iliyokuwa ikigawanywa kwa vifua viwili ikamwangukia mmoja aliyebaki.

"Bado hujamaliza, Wakili," alisema Mwanakombo. "Tuambie na lile jingine. Mdhamana akifa kabla maji hayajapona, inakuwaje?"

"Nisingependa kulizungumza mbele ya mgonjwa."

"Mgonjwa amekosa pumzi," alisema Nasoro kutoka kitandani. Akangoja, akaipata nyingine. "Masikio anayo."

Wakili Eliudi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mdhamana akifariki ndani ya dhamana, dhamana hupanda kwa yule aliyewakilishwa naye."

"Yaani nani? Mtaje."

"Mkurugenzi Mkuu."

"Yeye mwenyewe? Kifua chake?"

"Kifua chake," alisema Wakili.

Mwantumu alimgeukia Tabibu Hiza na kumuuliza kwa macho tu, na tabibu, aliyekuwa amelingojea swali hilo tangu walipoketi, akajibu akiwa ameinamisha kichwa. "Bamvua linakuja. Maji makubwa yatayainua mafuta yaliyolala kwenye matope, na chaza watafunga kabisa. Nimejaribu kila nilichonacho, Bi Mwantumu. Bamvua hilo hatalivuka."

Mwantumu akaahirisha kikao kwa muda, akatoka nje.

*

Alisimama ukingoni, mahali ambapo mikoko ilikuwa imevaa mstari mweusi kiunoni, yote kwa urefu mmoja, kama wanafunzi waliopangwa mstari kwa adhabu. Juu ya mstari huo majani yalikuwa ya njano. Chini yake hapakuwa na kaa hata mmoja kwenye matope. Mbele yake, mahali maji ya mto yanapokutana na maji ya chumvi, zilikuwapo chanja zilizosalia, miguu yake ikiwa imezama topeni na chaza wamejipanga juu yake kimya.

Ni yeye aliyewaleta hapo.

Siku bomba lilipopasuka, harufu ilitangulia. Alikuwa akipalilia magugu ya baharini alipoisikia, akajua kabla hajaona, akapiga pembe. Wanawake wakatoka majumbani, wengine na unga mikononi, wakaingia majini hadi vifuani. Chanja ya Mwambakuu hubebwa na watu wawili, mmoja kila ncha. Hairuhusiwi kubebwa na mtu mmoja hata awe na nguvu za punda. Na kila anayeshika ncha hutaja jina lake kwa sauti kabla ya kunyanyua, ili chaza wakiharibika ijulikane nani wa kuulizwa. Hakuna anayesema "tumeshika". Msichana anayejifunza kazi akiteleza akasema hivyo, huchekwa hadi machozi yamtoke, na hasahau tena.

"Mwantumu nimeshika!"

"Mwanakombo nimeshika!"

Majina yakapanda hori, jozi kwa jozi, yakijibizana chini ya mikoko, na utando mweusi ukiyafuata nyuma taratibu kama mwenye mali asiye na haraka. Walizipandisha chanja hadi mwisho wa mipaka ya kituo. Hatua moja zaidi, na sheria ingehesabu kwamba wameziopoa. Nyingine ziliachwa mdomoni mwa hori kwa sababu mikono haikutosha. Lakini nyingi zilifika. Mtu mmoja alipiga kigelegele. Mwanakombo alimkumbatia Mwantumu, wote wawili wakinuka mafuta, na wakacheka kama wasichana.

Alirudi nyumbani akamkuta Nasoro sakafuni, amejikunja, kucha zake zikiwa za buluu.

Maana yake aliijua baadaye, Tabibu Hiza alipomweleza kwa uangalifu wa mtu anayebeba chungu chenye maji ya moto. Chaza wa mdomoni walikufa jioni ileile, na chaza akifa magamba yake huachia. Uzi usiocheza tena hunyamaza. Laiti wote wangeachwa palepale, wote wangekufa, nyuzi zote zingenyamaza, na Nasoro angeamka kesho yake akiomba chai. Badala yake dada yake aliwapeleka kwenye maji yasiyoua wala kuponya. Huko walifungua kidogo, wakaonja, wakafunga. Wakafungua tena kidogo, wakaonja, wakafunga. Na Nasoro naye vivyo hivyo, mchana na usiku.

Tabibu hakumlaumu. Mwanakombo hakumlaumu. Hakuna kijijini aliyewahi kulitamka neno hilo, na walivyojihadhari kutolitamka ndivyo Mwantumu alivyolisikia kila alipopita.

*

Aliporudi ndani, wageni walikuwa kivulini nyuma ya banda, na Mwanakombo alikuwa akichochea moto wa chai. Mwantumu aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Umekonda," alimwambia mdogo wake.

"Na wewe je? Umeingia mvi." Pumzi. "Utadhani umemwagiwa tui kichwani."

"Ni wewe uliyenimwagia."

Nasoro akatabasamu. Uso wake ulikuwa umebaki macho na meno. Hapo kale alikuwa mpiga zumari wa harusi zote za upande huu wa pwani. Alikuwa akiongoza maandamano ya bwana harusi kutoka mwanzo wa kijiji hadi mwisho wake bila kukishusha chombo mdomoni, akivuta hewa kwa pua huku mashavu yakiendelea kupuliza, na akifika alikuwa akiwaambia wasichana, "Mimi pumzi ninayo ya kuuza." Kampuni ilipotangaza kwamba inamtafuta mwakilishi, alikwenda siku hiyohiyo. Alirudi na kidonda kidogo chini ya mtulinga, akichekelea. "Wananilipa nipumue, dada," alisema. "Kazi niliyokuwa nikiifanya bure tangu nizaliwe." Miaka ile maji yalikuwa mema. Kila usiku alilala akipumua pamoja na hori, na alikuwa akisema hajawahi kulala usingizi mtamu kama ule.

"Nasoro," alisema Mwantumu. "Nataka nikuulize jambo."

"Usiniulize."

"Hujalisikia bado."

"Nimelisikia." Alifumba macho, akangoja wale wa kwenye chanja wafungue. Walipofungua alisema kwa haraka, kama mtu anayevuka barabara. "Ukiniuliza nitasema waopoe. Nitasema hata kabla hujamaliza swali. Mimi si shujaa, dada. Nikibanwa sifikirii hori. Sifikirii wajukuu wa Mwanakombo. Naifikiria hewa tu." Akatulia. Akabanwa. Mwantumu aliishika mikono yake hadi ikalegea. "Mtu wa namna hiyo haulizwi."

"Basi aulizwe nani?"

Nasoro akanyoosha kidevu kuelekea nje, mahali sauti ya Wakili na sauti ya Afisa zilipokuwa zikisikika kwa mbali. "Wao. Lakini wao hawaulizwi." Pumzi. "Ndiyo kazi waliyoisomea."

Mwantumu akacheka. Alimfuta mdogo wake jasho. Alikuwa akiinuka pale Nasoro alipomshika upindo wa kanga.

"Zumari langu liko wapi?"

"Darini. Nimelifunga kwa kitambaa."

"Kijana wa kina Mwinyihatibu ameliomba?"

"Ameliomba."

"Usimpe." Akangoja, na safari hii alingoja muda mrefu. "Bado."

*

Kikao kiliporejea, Mwantumu hakuketi.

"Tabibu," alisema, "mkanda wako uko wapi?"

Tabibu Hiza akautoa kwenye mfuko wake. Ulikuwa mkanda mpana wa kitambaa cha kijivu, uliotengenezwa kwa ajili ya matabibu tu: ukimfunga mtu kifuani, kifua chake husikia kile kinachosikiwa na mdhamana, ili tabibu asitegemee maelezo ya mgonjwa asiye na pumzi ya kujieleza.

"Wakili Eliudi," alisema Mwantumu, "nakuomba uuvae. Muda mfupi tu."

Wakili aliutazama mkanda ule kwa huzuni iliyoonekana kuwa ya kweli. "Sina idhini, Bi Mwenyekiti. Mimi ni wakili. Nikipatwa na jambo, itahesabiwa kwamba Kampuni imekiri."

"Hewa yako nayo ina idhini?" aliuliza Mwanakombo.

"Nipeni mimi," alisema Afisa Gaudensia.

Hakuna aliyemtarajia. Alikwisha kusimama, akajifunga mwenyewe. Tabibu akaubonyeza. Mwanzoni binti yule alisimama tu, akiwa na uso wa mtu anayesikiliza. Kisha kinywa chake kikafunguka na hakikuingiza kitu. Akaiangalia dari. Akaliangalia dirisha, kana kwamba hewa ilikuwa imekwenda nje na ingerudi kupitia hapo akiitazama kwa bidii. Mkono wake ukaanza kupapasa, ukaikuta fremu ya kitanda, na karibu na fremu ukaukuta mkono wa Nasoro, ambao ulikuwa umeng'ang'ania kamba kwa namna ileile, kwa wakati uleule. Walipumua pamoja, funda moja. Tabibu akamfungua.

Aliketi chini, sakafuni. Mwanakombo akamletea maji kwenye kikombe.

"Kunywa, mwanangu. Hayo yameletwa na gari, si ya hapa."

Gaudensia akanywa. "Nitaandika," alisema baadaye. "Nitakwenda kuandika." Kisha, kwa sauti ya chini, kama anayejiuliza mwenyewe: "Niandike nini? Wanajua. Barua za kukijaza kile kiti nimeziandika mimi mwenyewe. Zote zilirudi zimeandikwa kwamba zimepokelewa."

Mwantumu alimhurumia. Aliona kwamba binti yule alitumwa huku kwa sababu moyo wake ulikuwa bado unasikia, na kwamba mahali palipomtuma palikuwa na ofisi nyingi, kila moja ikiipokeza nyingine lawama kama ndoo ya moto, hata mwishowe ndoo isiwe na mwenyewe.

"Bi Mwenyekiti," alisema Wakili, "nadhani jambo limejionyesha. Mnalo suluhisho mikononi mwenu. Ubinadamu unadai—"

"Wewe ngoja kwanza," alisema Mwanakombo, naye akasimama.

Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, ambaye mizaha yake iliwavusha wenzake misimu mingi ya jua kali majini. Sasa alishikilia nguzo ya banda na hakuwa na mzaha hata mmoja.

"Somo," alisema, akimtazama Mwantumu peke yake. "Mimi nimekula na Nasoro sahani moja. Ndiye aliyemtoa mwanangu siku ya harusi yake, alipuliza hadi midomo ikavimba na hakutaka hata shukrani. Kwa hiyo nisiposema mimi, hakuna atakayesema. Yule bwana mkubwa wa mjini hajawahi kubanwa hata na mafua. Siku atakapobanwa yeye, hori hili litapigwa mswaki. Litasuguliwa mzizi kwa mzizi. Hukumbuki mabomba yalivyokuwa wakati pumzi zilipokuwa zao? Chaza hawa wakitoka, matishari yanaondoka leo, bomba linafunguliwa kesho, na sisi tutayaoga mafuta haya hadi kwa wajukuu. Mjukuu wangu ana vipele mwili mzima, somo. Usiku analia nimkune, nikimkuna analia nimwache. Subira ya siku chache tu. Siku chache, na dhamana inapanda kwa mwenyewe." Akaishika nguzo kwa mikono miwili. "Sijasema afe. Mungu shahidi, sijasema afe. Nimesema..."

Alitafuta alichosema, hakukipata, akaketi na kujifunika uso kwa kanga.

Nasoro alikuwa ameugeuzia uso wake dirishani. Mwantumu aliyaona mabega yake yakipanda kidogo, yakisita, yakishuka.

Hakumkasirikia Mwanakombo, kwa sababu hakukuwa na neno alilolikosea. Watu walioitunga sheria ile walitaka mateso yamfike mtu aliyestahili, na njia ya kumfikia ilikuwapo, imenyooka, haina hata kona. Kilichotakiwa kwake ni kutofanya lolote. Angeketi, angekunywa chai, angelingojea bamvua. Hakuna ambaye angeuliza, maana kutofanya hakuna ncha ya kushika na hakuna jina la kutaja. Mkurugenzi, Wizara, na yule karani aliyestaafu, wote walikuwa wamefika walipo kwa njia hiyo.

Kisha akalifikiria lile neno moja, bado, lilivyomgharimu mdogo wake kulisema, na alivyolisema kama mtu anayekusudia kupiga zumari tena.

"Nimeamua," alisema.

Watu wakainua nyuso.

"Chaza wataopolewa. Leo, maji yakiwa bado nje."

Wakili Eliudi alishusha pumzi ndefu, akaanza kuufunga mkoba wake. Mwanakombo hakuitoa kanga usoni.

"Sijamaliza, Wakili. Isiandikwe popote kwamba maji ya Mwambakuu yamepona. Hayajapona. Wala isiandikwe kwamba wanawake wa Mwambakuu wameridhika. Iandikwe kwamba palikuwa na njia ya kumfikia aliyestahili kubanwa, kwamba njia hiyo ilipita juu ya mwili wa ndugu yangu, na kwamba mimi, Mwantumu binti Mbaruku, sikuipita. Mwanakombo ana haki ya kunilaumu. Mjukuu wake akikua na kuuliza ni nani aliyewatoa mashahidi majini, aonyeshwe nyumba yangu. Sitamwambia ilikuwa sheria. Sitamwambia tuliamua."

Akaifunga kanga yake kiunoni kwa fundo la kazi, kama siku ile ya pembe.

"Chaza hawa niliwaokoa kwa mikono hii, na kwa mikono hii nitawaua. Lakini chanja ya Mwambakuu haibebwi na mtu mmoja. Ncha ya kwanza nitaishika mimi. Ya pili haitashikwa na mwanamke yeyote wa hapa. Wao walikwisha kubeba. Wakili Eliudi, vua viatu. Chanja ya kwanza ni yangu na yako. Afisa Gaudensia, ya pili ni yangu na yako, na tutapokezana hivyo hadi ya mwisho. Maji yatawafika kifuani, na mafuta yatawashika. Hayatoki kwa sabuni, nawaambia mapema. Na kabla ya kunyanyua, kila mmoja atataja jina lake kwa sauti, lisikike hadi ng'ambo. Si la Kampuni. Si la Wizara. Lake."